Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: tusomewe na yale yasiyolipwa

Kwa Kamishna wa Bima, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na kwa wakurugenzi wa makampuni yanayouza bima za magari.

YAH: KARATASI YA YASIYOLIPWA

Ndugu Kamishna, na ndugu wakurugenzi,

Nawaandikia kutoka mtaa wa Unga Ltd, Arusha, kwenye gereji ya kunyoosha bodi na kupiga rangi ninayoiendesha kwa mwaka wa 19 sasa. Leo asubuhi uani kwangu kuna magari 11. Manne yapo mikononi mwa mafundi. Saba yamesimama, mengine vumbi limelala kwenye vioo hadi watoto wameandika majina yao kwa kidole. Kati ya hayo saba, matano yalikuwa na bima hai siku yalipopata ajali. Nimezihakiki mwenyewe kwa namba za usajili kwenye mfumo wa Mamlaka, na hakuna stika ya kughushi hata moja. Yamesimama kwa sababu wenye magari wameambiwa kwamba bima waliyoilipia haihusiki na kilichowapata.

Sisemi kwamba kampuni zimewaibia. Ningekuwa na uhakika huo ningekwenda polisi, nisingeandika barua. Nimezisoma barua za kukataliwa walizoniletea wateja wangu, na katika nyingi kampuni ilikuwa na kifungu cha kusimamia. Kinachoniuma ni kwamba mwenye gari alikisikia kifungu hicho kwa mara ya kwanza siku aliyokataliwa. Alilipa mwezi wa kwanza, akaja kukijua mwezi wa nane, gari likiwa limeshakunjika.

Iangalieni Noah hii ya kijivu iliyoegemea ukuta. Ni ya mama mmoja wa Kwa Mrombo, muuza mitumba, na ina bima kubwa. Siku za mnada kijana wake huwapakia wauzaji wenzake na mabelo yao, kila mmoja anachangia mafuta na kidogo juu yake. Alfajiri moja ikaacha njia na kulala ubavu. Bahati hakufa mtu. Polisi walipoandika maelezo, abiria wakasema ukweli, kwamba wamelipa. Bima ilikuwa imeandikwa ya matumizi binafsi, na gari la binafsi likibeba watu kwa malipo huwa limetoka nje ya mkataba wake, hata kama stika haijaisha, hata kama dereva hakuwa na kosa lolote. "Ile si nauli, fundi, ni mchango," mama ananiambia kila akija kuiangalia. Kwake yeye ni mchango kweli. Wanachangiana hivyo hivyo kwenye misiba na harusi. Kwenye mkataba ile ni biashara ya abiria, yenye bima yake na bei yake. Nani alimwonyesha mpaka ulipo, kati ya jirani anayechangia mafuta na abiria anayelipa nauli?

Jirani yake hapo ni IST ya mwalimu kijana wa Ngaramtoni. Aliligonga daraja la mtaro usiku, peke yake, akaja kifua mbele: "Fundi, anza kazi, nina bima." Nikaangalia, ni bima ndogo. Ikabidi nimweleze alichonunua, nami nilimweleza polepole maana uso wake ulikuwa unabadilika. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila gari lililo barabarani liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani yule utakayemuumiza au kumuua. Hiyo ndiyo kazi ya bima ndogo. Gari lako mwenyewe halimo humo, hata likiungua, hata likiibwa likiwa limeegeshwa mlangoni kwako.

Ndugu Kamishna, nina neno kuhusu majina haya mawili, kwa sababu nimeyatafakari muda mrefu. "Bima ndogo" na "bima kubwa" yanatupoteza. Mswahili akisikia ndogo na kubwa anaelewa kitu kilekile kwa vipimo viwili, kama chupa ndogo ya soda na kubwa. Wateja wangu wengi wanaamini kwa dhati kwamba bima ndogo inatengeneza mikwaruzo midogo na bima kubwa inatengeneza ajali kubwa. Wenye bima kubwa nao wanaamini kwamba kwa kuwa ni kubwa, imebeba kila kitu. Kumbe ni vitu viwili tofauti kabisa: moja ni ya yule uliyemgonga, nyingine inamhudumia yeye na gari lako pia, lakini kwa masharti. Ingekuwa juu yangu, ya kwanza ningeiita bima ya uliyemgonga, na ya pili bima ya gari lako na uliyemgonga. Maneno ni marefu, ila yanasema kilichomo.

Sasa niseme yaliyonikuta mimi. Mwezi wa nne 2022 nilikata bima kubwa ya Hilux yangu. Ilithaminiwa milioni 30, nikatozwa asilimia 3.5, yaani shilingi 1,050,000, na VAT 189,000 juu yake. Nilitoa 1,239,000 na nikalala vizuri usiku ule. Dada wakala alikuja hapa hapa gereji. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, Hilux ikiwa nyuma yake, na kamba ya kuvutia magari imezungushwa kwenye ndoano ya nyuma, mahali inapokaa siku zote. Akaniuliza namba ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa, rangi. Alipofika penye matumizi ya gari akatia alama kwenye "binafsi" bila kunyanyua macho. Nikasaini. Fomu ilikuwa na sahihi yangu, sikatai.

Mwezi wa kumi mteja alikwama Usa River, giaboksi imekufa. Nikaenda kumvuta kwa shilingi 60,000. Tulipokaribia Tengeru lori lililokuwa mbele yangu likasimama ghafla. Nilishika breki, gari nililolivuta likanipiga kwa nyuma na kunisukumia kwenye lori. Nilipopiga hesabu ya mbele na ya nyuma, kwa bei ya spea ya siku ile na bila kujilipa ufundi, ilikuwa milioni 7 na laki 4. Nilipeleka kila karatasi waliyoitaka, pamoja na taarifa ya polisi, PF 90. Baada ya wiki sita ikaja barua ya aya mbili: gari lilikuwa linavuta gari jingine kwa malipo, matumizi ambayo hayamo kwenye mkataba.

Nikautafuta mkataba kabatini. Kifungu kilikuwepo, ukurasa wa tisa, kwa herufi ndogo. Kiingereza changu ni cha vitabu vya magari. Mchoro wa nyaya nausoma bila msaada. Ukurasa ule niliusoma mara nne na bado nikampelekea binti yangu wa kidato cha sita, naye akakwama kwenye sentensi moja yenye mistari saba, inayosema bima hailipi isipokuwa pale ambapo haitakuwa imezuiwa kulipa. Tukakaa wawili mezani tukiangaliana.

Swali moja tu lingetosha siku ile ya kiti cha plastiki: "Kaka, hii kamba ni ya nini?" Ningejibu. Angenipandishia bei, ningelalamika kidogo, ningelipa. Wenye taaluma mnafundisha kwamba bima inasimama juu ya nia njema kabisa, na kwamba mteja anapaswa kueleza kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni, hata asipoulizwa. Naiheshimu kanuni hiyo. Lakini mtu atalielezaje jambo asilojua kwamba ni jambo? Kwangu mimi kuvuta gari la mteja ilikuwa sehemu ya kuishi, kama kumpelekea spana mwenzangu.

Sikulipwa. Niliitengeneza mwenyewe kwa miezi mitano, kipande kwa kipande.

Kuna sharti jingine linalowaponza watu wema, na hili naomba mlisome kwa moyo. Mkataba unamkataza mwenye gari kukiri kosa au kuahidi malipo kwa aliyemgonga bila kampuni kuridhia. Barabarani kwetu haiko hivyo. Umemgusa bodaboda pale Kijenge, mguu unavuja damu, watu wamejaa. Unashuka, unasema pole, unasema kosa langu, unampakia, unamfikisha hospitali, unaacha laki mbili, jioni unarudi na matunda. Ukifanya kinyume chake utaonekana si mtu. Kisha familia inadai fidia, kampuni inasema ulishakiri, ulishamalizana nao, umeiharibia utetezi wake. Sikubali kwamba tuache kuwapeleka majeruhi hospitali ili tulinde mkataba. Ninachotaka ni mteja aambiwe mapema, kwa maneno ya kawaida: mpeleke majeruhi, hakikisha fomu ya polisi, PF 3, imepatikana ili atibiwe, mpe pole, piga simu kampuni siku hiyohiyo, usisaini makubaliano yoyote. Mambo matano tu, mtu anaweza kuyakumbuka hata mikono ikiwa inatetemeka. Wengine wanakosea palepale kwangu: wanasema "tengeneza haraka, risiti nitawapelekea," gari halijaonwa na mtathmini. Nikikubali, nimewapotezea haki yao. Huwa nakataa, na baadhi huondoka wamenikasirikia.

Sisi watu wa kaskazini tuna jambo letu pia, mpaka wa Kenya. Kutoka hapa hadi Namanga ni kama kilomita 110, na kutoka Moshi hadi Holili ni karibu zaidi. Watu wanavuka kwenda kuzika, kuoa, kununua bidhaa Taveta, na kurudi jioni. Wengi wanadhani stika inavuka nao. Bima ya hapa inaishia kwenye geti. Ukivuka unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ambao Tanzania imo hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo nayo ina mwisho wake: inawalipa uliowaumiza na hasara uliyowasababishia, na matibabu ya dereva na abiria wako. Bodi ya gari lako haimo, mpaka kampuni yako iwe imekuongezea eneo hilo kwa maandishi. Corolla ya mzee mmoja wa Moshi iliyopondwa upande wa pili, akitoka msibani, ilikuwa na bima kubwa na kadi ya njano vyote viwili, na haikulipwa. Mzee yule alikuwa amefanya zaidi ya wengi wetu.

Msimu wa masika nao una lake. Maji yakijaa barabarani dereva anapita, injini inavuta maji, inazima. Anawasha tena. Anawasha tena. Konrodi, chuma kinachoshika pistoni ndani ya injini, inapinda. Yakija madai, kuna mikataba ambayo mafuriko hayamo mpaka uwe umeyaongeza na kuyalipia, na hata palipo na mafuriko, kule kuwasha injini iliyojaa maji huhesabiwa kuwa uharibifu wa dereva. Vivyo hivyo vurugu na ghasia, kwenye mikataba mingi vimewekwa kando vikisubiri mteja avinunue kwa nyongeza. Matairi, uchakavu, injini kufa kwa uzee wake, hayo watu wengi wanayaelewa wakielezwa mara moja, siyazungumzii. Pombe na leseni, vilevile. Ingawa leseni iliyoisha juzi bila mwenyewe kujua imeshamliza zaidi ya mmoja hapa uani.

Thamani ya gari ndiyo mtego ninaouchukia kuliko yote, kwa sababu hupambwa kama msaada. Mteja analia bei ni kubwa, wakala anamwambia, "Tuandike milioni 10 badala ya 18, utalipa kidogo." Kwenye mkataba wenye kanuni ya uwiano, gari la milioni 18 lililokatiwa bima ya milioni 10 hulipwa hasara yake kwa kiwango hicho hicho cha kumi kwa kumi na nane. Kazi ya milioni 5 na laki 4 inalipwa milioni 3, na bado kuna kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hujibebea mwenyewe kila ajali. Nimemkabidhi mtu hesabu hiyo mkononi nikamwona akikaa chini kwenye tairi.

Najua mtanijibu kwamba wateja hawasomi. Ni kweli, wengi hatusomi. Pia najua wapo wateja wanaodanganya ajali na wapo mafundi wenzangu wanaopandisha makadirio, na ninyi mnajilinda kwa vifungu. Jilindeni. Lakini kitabu cha kurasa ishirini kwa Kiingereza cha mahakamani, kinachofika wiki mbili baada ya hela kupokelewa au kisichofika kabisa, hakimpi mtu nafasi ya kusoma. Wazee wetu wanasimulia kwamba tangu 1967 hadi sheria ya 1996 ilipofungua milango, bima huku Bara ilikuwa ya Shirika la Bima la Taifa peke yake. Nisingependa kurudi huko. Ila kulikuwa na mwuzaji mmoja na masharti yake, na aliyeungua jana aliweza kumfundisha jirani yake leo. Siku hizi kampuni ni nyingi, kila moja ina maneno yake, na alichojifunza shemeji yangu kwa kampuni yake kinaweza kunidanganya mimi kwa yangu.

Na tangu mwaka 2021, kwa marekebisho ya sheria yaliyopita bungeni, lugha ya sheria na ya mahakama zetu ni Kiswahili. Ikiwa hakimu anaweza kunihukumu kwa Kiswahili, naomba na bima inikatae kwa Kiswahili. Iniambie mapema.

Ombi langu ni moja. Kabla shilingi haijapokelewa, kila mnunuzi wa bima ya gari apewe karatasi moja, upande mmoja, kwa Kiswahili, yenye kichwa cha habari kisichofichwa: YASIYOLIPWA. Iandikwe gari limekatiwa matumizi gani na likifanya nini linatoka nje ya bima. Iandikwe nani haruhusiwi kuliendesha, bima inaishia wapi, thamani iliyoandikwa na maana yake siku ya hasara, kiasi ambacho mteja atajibebea kwa kila ajali, majanga ambayo hayamo na bei ya kuyaongeza. Iandikwe la kufanya siku ya ajali. Na chini kabisa iandikwe kwamba asiyeridhika na kampuni anaweza kulalamika kwa Mamlaka na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, maana kati ya wenye magari matano yaliyolala hapa, ni mmoja tu aliyewahi kusikia kwamba Msuluhishi yupo.

Wakala aisome kwa sauti, mteja asikie, ndipo wote wawili wasaini. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu wake. Karatasi hiyo iingizwe kwenye mfumo uleule tunaohakikia stika, ili nikiingiza namba ya gari nione pia limekatiwa matumizi gani na yasiyolipwa ni yapi. Mfumo mnao tayari, unafanya kazi, mimi ni shahidi. Na wakala atakayejaza sehemu ya matumizi bila kuuliza awajibishwe yeye na kampuni iliyomtuma. Hasara isiachiwe mteja peke yake.

Wakurugenzi, hili halitawamaliza. Mama wa Noah angelipa bima ya abiria kama angeijua. Ana uwezo, anasomesha watoto watatu kwa mitumba hiyo. Mmekosa pesa yake na mmempoteza yeye, na kila anayepita hapa anamsikia akisimulia.

Ndugu Kamishna, Mamlaka ina ofisi ya kanda hapa hapa Arusha. Naomba afisa wako mmoja aje uani kwangu siku yoyote ya kazi, si kunikagua mimi, ila kukaa nusu siku. Wenye magari matano nitawaita, na barua zao za kukataliwa wanazo. Aandike karatasi hiyo ya kwanza pamoja nao, wakimwambia ni maneno gani wangeyaelewa siku ile walipolipa. Ikichapishwa, nipeni nakala 50. Moja nitaibandika mlangoni, juu ya bei za rangi, na zilizobaki nitamwekea kila mteja kwenye kiti cha mbele gari lake linapotoka.

Wenu katika kazi,

Fundi bodi,
Unga Ltd, Arusha